Kafuri Ndani ya Mtutu

Juzi niliingia duka moja pale Muhima kununua udi wa harusi ya mpwa wangu, na muuzaji, kijana mwenye maneno mengi, akafungua kopo lisilo lenyewe. Kafuri. Ilinipanda puani mpaka macho yakanitoka maji, naye akadhani nimeshtushwa na bei. Nikamwambia alifunge haraka. Mimi si mtu wa kuamini mizimu. Naamini dawa za hospitali na foleni ya benki. Lakini kafuri ikinijia bila kubisha hodi, mkono wangu wa kulia hunyooka wenyewe, kidole kinajikunja, na ninajikuta nasikiliza kama kuna mtu anavuta pumzi karibu yangu.

Wengi wa rika langu harufu hiyo wameijulia misibani. Mimi niliijulia kwenye bastola.

Usishtuke. Zilikuwa bastola za upepo, mbili, na Baba alikuwa na kibali cha kuchezesha watu shabaha kwenye ua wa nyuma wa mkahawa mmoja pale Gisimenti. Watu walikula mishikaki na ndizi za kuchoma, wakishiba wanapita nyuma kwa Baba. Kulikuwa na karatasi yenye miduara, nyuma yake magunia ya mchanga, na soda ya bure kwa yeyote aliyevikusanya virisasi vyake vyote ndani ya duara jeusi. Unaikunja bastola katikati, unaweka kirisasi kwenye tundu, unainyoosha, unalenga. Ndani mna springi na pistoni yenye kofia ya ngozi, kama ile ya pampu ya baiskeli, na ukifyatua, hewa ndiyo inayokisukuma kirisasi. Hamna baruti wala moto. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepiga godoro kofi. Hata hivyo Baba hakuruhusu mtu aielekeze kwa mwenzake, iwe na kitu au iwe tupu, na aliyefanya mzaha huo alirudishwa kwenye mishikaki yake siku hiyohiyo.

Baba alikuwa fundi, Mama alikuwa mpimaji. Kila asubuhi kabla ya wateja, Mama alisimama kwenye mstari, kitenge chake kimefungwa barabara, akapima bastola zote mbili. Ile kuukuu aliipenda zaidi. Mkono wake haukuwa na haraka, na virisasi vyake viliingia tundu moja mpaka karatasi ikaonekana imechomwa na sigara. Vikianza kutawanyika ndipo alipomwambia Baba asafishe, si kabla. Maana Baba alikuwa na ugonjwa wa kusafisha.

"Papa Zuhura, wacha kuisugua," Mama alikuwa akimwambia. "Mtutu ni kama kikaango cha chapati. Ukikisugua kwa majivu mpaka king'ae, chapati ya kwanza inaganda, ya pili inaganda. Kipanguse tu, kinakuzoea."

Baba alicheka, akatii. Alipitisha uzi wa kuvulia samaki ndani ya mtutu, akafunga kipande cha pamba, akakivuta toka nyuma kwenda mbele, asije akaukwaruza ule mdomo wa mtutu ambao ndio unaokiaga kirisasi. Kisha alipiga virisasi kadhaa vya bure, vinavyokwenda ovyo, mpaka mtutu ukapakwa tena ule utando mwembamba wa madini ya risasi na kutulia. Ndiyo siri yote ya bastola ya upepo, na nimeitoa bure.

Mama alikwenda hospitali asubuhi moja kwa sababu ya kichwa. Alivaa ndala, akaniambia nisiguse sukari. Jioni walimrudisha nyumbani kwetu Kabeza amebebwa, wanawake wakafunga mlango wa chumba, nikabaki sebuleni na majirani wanaonipapasa kichwa. Shangazi Mariamu, dada mkubwa wa Baba, fundi cherehani wa mtaa wa pili, ndiye aliyeandaa sanda. Kwetu sanda haikatwi kwa mkasi, inachanwa kwa mkono, na masalio yake hayalali nyumbani. Hufukiwa makaburini au hupewa mtu asiye na kitu. Niliisikia ikichanika nyuma ya mlango, mchaniko mrefu, kisha kimya, kisha mwingine. Harufu ya kafuri ilipita chini ya mlango ikatufikia sote.

Kwetu pia wanawake na watoto hawaendi kuzika. Wanaume walitoka na jeneza lililofunikwa kitambaa cha kijani, nami sikuona kilichokuwa chini yake. Nilimuuliza Shangazi Mama amekwenda wapi.

"Mama yako yuko ndani ya nguo nyeupe, mwanangu," akasema. "Amepumzika."

Alilisema kwa mapenzi, masikini, bila kujua anasema na mtoto wa namna gani. Kwa sababu wanaume waliporudi, na watu wakawa wanasoma Yasini ndani, mimi nilikuwa mlangoni kwa nyuma, na nilimwona Baba. Masalio ya sanda yalikuwa juu ya ukuta wa ua, yakingoja mtu wa kuyachukua. Ndani yake ndimo walimokuwa wamepondea kafuri. Baba akaitwaa ile nguo nyeupe. Akaiweka usoni, akakaa nayo hivyo kwa muda, akaikunja vizuri, akaitia ndani ya kasha la mbao la bastola kuukuu, alilorudi nalo kila jioni kutoka kazini. Kifuniko alikiteremsha polepole, kama tunavyofunga mlango mtu akiwa amelala.

Nikajumlisha mwenyewe. Mama yuko ndani ya nguo nyeupe, na nguo nyeupe iko ndani ya kasha. Sikulia. Watu walinisifu sana kwa ujasiri, wakasema nimemrithi mama yangu. Kumbe mimi nilijua alipo, na niliwaona wao ndio waliopotea.

Tuliporudi Gisimenti, Baba alikuwa mtu mwingine, ingawa mbele za watu alisema "tumshukuru Mungu" na kuinamisha kichwa. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilishinda naye uani. Kila siku baada ya swala ya adhuhuri alitandika gazeti, akafungua kasha, akachana kipande kidogo cha ile nguo, akasafisha ile bastola ya Mama. Ile nyingine hakuigusa. Alivuta kitambaa mara moja, akakitazama, akavuta tena. Vipande vilivyochafuka hakuvitupa. Alivifua nyumbani kwa sabuni ya mche, akavianika nyuma ya nyumba, vidogo vidogo, safu nzima, kama nguo za mwanasesere. Ndege za uwanja wa Kanombe zilipita chini juu ya paa letu zikatikisa kamba, na vile vitambaa vikawa vinatikisika wakati nguo zetu nyingine, nzito, zimetulia. Viligeuka kijivu, mwisho vikawa na weusi usiotoka. Nilidhani Mama anachoka.

Kisha ikaanza ile pumzi. Bastola ya namna ile ukiikunja, pistoni inarudi nyuma na kufyonza hewa kupitia tundu la mtutu. Ilikuwa ikifanya hivyo siku zote, ila sikuwa nimeisikiliza. Sasa nilisikia wazi: mtu anavuta pumzi, anaishikilia. Halafu mteja anafyatua, pumzi inatoka, na pamoja nayo, kidogo sana, kafuri. Nilisimama karibu na kiwiko cha kila mteja nikinusa. Hakuna mwingine aliyesema anaisikia. Baba alifumba macho kidogo kila bastola ilipolia, nikaona ni jua.

Na ikawa haipigi tena pale unapoilenga. Claude, kijana aliyetengeneza simu kwenye kibanda cha barabarani, mteja wetu wa kila siku, ndiye aliyelalamika wa kwanza.

"Papa Zuhura, mi narenga hapa katikati, hii kitu inaenda kwa ukuta," akasema. "Ya pili tena inaenda juu. Iko na roho mbaya, sha."

"Chukua hiyo nyingine," Baba akamwambia.

"Oya, hapana. Ile iko sawa, najua. Nataka hii ya mama. Nifanye nini ndiyo inisikie?"

Baba alitandika gazeti upya. Alichukua bastola, akakaa kwenye gazeti, akaanza kuisafisha, mara ya pili mchana huo. Leo mtoto wa mwaka wa kwanza wa ufundi angemwambia kwamba ndiyo hasa sababu, kwamba mtutu anaousugua kila siku haupati nafasi ya kutulia. Baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa ameambiwa na mwenye kikaango. Lakini mimi niliona jambo moja tu. Mama amekataa kupigwa na watu baki, anawatupia virisasi vyao ukutani. Nilifurahi. Niliwatazama watu wazima wenye ndevu wakikosa na kukosa, nikamcheka kila mmoja moyoni.

Nilianza kuongea naye. Baba akienda kutawadha nilifungua kasha, nikamweleza habari za nyumbani: sukari sijaigusa, Shangazi anapika wali mbichi, paka wa jirani amezaa. Nilikunja bastola tupu kwa mikono miwili nikiikandamiza kwenye paja, ili avute pumzi. Na siku moja akanijibu. Ilitoka ndani sauti ya kukwaruza, nzito, kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Niliiacha nikakimbilia jikoni kwa wapishi, nikakaa kati yao. Ile ngozi ya pistoni ilikuwa imekauka, sababu Baba alipangusa kila tone la mafuta lililokuwamo. Hilo nimekuja kulijua nikiwa mtu mzima. Siku ile nilijua tu kwamba Mama anaumwa, na kwamba hospitali hawezi kupelekwa tena.

Baba naye aliisikia. Mafuta yake maalumu yalikuwa yamekwisha, basi akachukua yale ya cherehani ya Shangazi, akatia kwenye tundu. Akaona hayatoshi, akaongeza. Nadhani alikuwa anataka kunyamazisha ile sauti ya maumivu kuliko kutengeneza bastola. Claude akaja na mdomo wake, akasema leo ni leo. Akakunja, akaweka kirisasi, akalenga, akafyatua.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Bastola ilipasua hewa, mlio mkavu wa bunduki ya kweli, na moshi wa buluu ukatoka mbele na nyuma. Mafuta yalikuwa yamewaka ndani kwa nguvu ya hewa, si ajabu, hata wanaocheza na vyombo hivi wanalijua. Lakini ua mzima uliganda. Mhudumu aliweka sahani chini bila kutazama anaweka wapi. Mzee mmoja nadhifu, mwenye tai, alikuwa tayari chini ya meza, mikono kichwani, na hakuna aliyemcheka, maana wenye umri wao wote walikuwa wameiona vita. Watu wazima wote walikuwa wanasikiliza, wote kwa pamoja, upande wa barabara. Niliwatazama nyuso zao nikaelewa kwamba na wao wamemsikia. Mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kunipigia kelele, alikuwa amepiga kelele mbele ya watu. Moshi ule ulinuka kafuri, safari hii kila mtu aliinusa.

Nilimwogopa mama yangu. Hilo liliniuma kuliko siku walipombeba.

Shangazi Mariamu alikuwa ndiyo kwanza anaingia getini kuja kunichukua. Alisimama, akanyanyua pua. Mikono yake ilikuwa imeosha wanawake wengi wa Kabeza, asingeweza kuikosea harufu ile. Alimwendea Baba aliyekuwa ameshika bastola inayofuka moshi, akampita, akainama kwenye kasha.

"Kaka," akasema. "Hii nguo inafanya nini humu?"

Baba aliitazama bastola mkononi mwake.

"Si niliiweka nje itoke nyumbani? Si unajua kwetu hailali ndani? Nawe umeichana vipande unatia kwenye pistole? Yaa Rabi. Umeichana sanda ya mkeo unasugulia chuma?"

"Nilitaka kitu kilichomgusa," Baba akasema.

"Basi ungelia! Watu wanalia, kaka, si haramu. Mficha maradhi, kifo humuumbua." Sauti yake ikapungua. "Leta yote. Ijumaa uipeleke kwa mwenyewe."

Alianza kukusanya vile vitambaa, vyeupe na vya kijivu. Nami nikajitupa juu ya kasha. Nilikuwa nimemwogopa Mama dakika ile ile, lakini kumwogopa mtu na kuachia achukuliwe ni mambo mawili. Nilipiga yowe, nikamng'ata Shangazi mkono, alama ikabaki muda mrefu. "Usimtoe! Anaumwa tu, usimtoe!" Wakasema mtoto ameshtushwa na mlio. Claude alinibeba begani akanipeleka nje kunitazamisha magari, akiniambia "tulia, sha, ntakibazo, hakuna shida", nami nikilia kwa hasira, kwa mara ya kwanza, bila kumwambia mtu ninalia nini.

Ijumaa Baba alikwenda makaburini na bahasha ya kaki. Nilimwomba twende wote, akasema watoto wa kike hawaendi. Nilisimama dirishani mpaka pikipiki iliyombeba ikapinda kona.

Baada ya hapo hakusafisha tena. Alifungua ile bastola mara moja tu, akatoa mafuta yaliyozidi, akailainisha ngozi inavyotakiwa, akaifunga. Akairudisha mezani. Wateja waliitumia, na siku za kwanza nilipata matumaini, maana virisasi viliendelea kwenda ukutani, na kwenye kila pumzi nilinusa bado kafuri kidogo. Yumo, nilijiambia. Wamechukua nguo, yeye kakataa kutoka. Lakini harufu ilipungua. Ilifika siku ikawa lazima nifumbe macho ndipo niipate, na siku ya pili sikujua kama nimeipata au nimeikumbuka. Na virisasi vikaanza kurudi. Kimoja kikaingia pembeni ya duara jeusi, kesho yake viwili, vikawa vinasogeleana. Watu walifurahi. Mimi niliona kila shabaha njema ni hatua ya Mama kuondoka. Niliomba wakose. Nilisimama nyuma ya mgongo wa Claude nikamwombea mabaya kwa sauti ya chini, na Claude akapata soda yake ya kwanza tangu msiba, akarukaruka ua mzima.

"Yego, ndiyo! Imenisikia!" akapiga kelele. "Papa Zuhura, umeona? Imerudi sawa!"

Baba aliitazama ile karatasi muda mrefu. Kisha akaniita.

"Zuhura. Njoo upime."

Kazi hiyo haikuwa ya mtu mwingine ila Mama. Sikuwahi kupiga hata siku moja. Watu waliokuwa wakila waligeuza viti. Baba alipiga goti nyuma yangu, akanisaidia kukunja. Ilifyonza hewa kidogo, kwa ufupi, haikukwaruza, haikulia. Niliweka kirisasi, nikainyoosha, nikashika kwa mikono miwili. Nilisubiri mkono wangu utulie, nao ukatulia upesi, jambo lililonitisha. Nikafyatua. Tundu lilitokea katikati ya duara. Nikapiga tena na Baba akasema, "Umekosa karatasi," lakini Claude alikimbia kutazama, akarudi ameshika kichwa. Kirisasi cha pili kilikuwa kimepita tundu lilelile.

Wakapiga makofi. Mhudumu akapiga vigelegele. Nilikunja bastola, nikaweka pua kwenye tundu la nyuma ya mtutu. Kulikuwa na harufu ya risasi na mafuta. Nilivuta tena, kwa nguvu, mpaka kifua kikauma. Risasi na mafuta tu.

"Baba," nikasema. "Mama ametoka."

Nilitegemea aseme ninasema nini, au aniambie habari za peponi kama wengine. Baba aliichukua ile bastola mikononi mwangu, akaiweka mezani mdomo ukitazama mchanga, kama kawaida yake. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudi nyumbani akaambiwa mgeni wake amekwisha kwenda.

"Amekuaga?" akaniuliza.

"Hapana."

"Na mimi hakuniaga," Baba akasema.

Akakaa chini kwenye magunia ya mchanga, mbele ya watu wote, mchana kweupe, akalia. Claude alisimama na chupa yake ya soda asijue aiweke wapi. Nilikwenda nikakaa karibu na Baba, na mimi nikaanza.